Mkonge wa Tanganyika katika Vita vya Pili vya Dunia: mchango au mzigo?

Vitabu vingi vikieleza nafasi ya Tanganyika katika Vita vya Pili vya Dunia huwataja askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, maarufu kama Keya, waliopigana Abisinia (Ethiopia ya leo), Madagaska na Burma. Waliobaki nyumbani hupewa sentensi moja tu, kwamba nchi "ilichangia" ushindi kwa mazao yake. Neno hilo linanisumbua, kwa sababu anayechanga huwa ameombwa kwanza.

Mahitaji yenyewe yalikuwa ya kweli. Mwaka 1942, Japani ilipokwisha kuziteka Malaya, Java na Ufilipino, Uingereza na washirika wake walipoteza kwa mkupuo katani ya Manila, mkonge wa Java na sehemu kubwa ya mpira wa dunia. Meli za vita haziendi bila kamba, na mkulima wa ngano wa Marekani hawezi kufunga miganda bila uzi. Macho yote yakageukia Tanga, Korogwe na Morogoro, nchi ya mkonge tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoleta miche yake mwaka 1893, na hata mashamba ya mpira yaliyotelekezwa tangu enzi ya Mjerumani yakafufuliwa.

Anayeitetea serikali ya wakati ule, iliyowapeleka watu kwa lazima kufanya kazi kwenye mashamba hayo, ana hoja nzito. Katika miaka ya 1930 Ujerumani ilidai waziwazi kurudishiwa makoloni yake, na kwa Mwafrika, ambaye itikadi ya Hitler haikumhesabu kuwa mtu kamili, ushindi wa Wanazi ungekuwa msiba usio na mwisho. Isitoshe, Uingereza iliwalazimisha hata raia wake yenyewe, wanaume kwa wanawake, kufanya kazi migodini na viwandani.

Hoja ya kwanza naikubali bila kusita, na ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kwamba vita vile havikutuhusu. Hoja ya pili siikubali. Mwingereza alilazimishwa na bunge alilolipigia kura, ilhali Mtanganyika aliondolewa kijijini kwa amri iliyotoka kwa bwana shauri (mkuu wa wilaya wa kikoloni) na kupitia kwa jumbe (mkuu wa kijiji), tena mara nyingi akapelekwa kwenye shamba la mtu binafsi. Hati ya Shirikisho la Mataifa iliyoikabidhi Uingereza nchi hii ilikataza kazi ya shuruti isipokuwa kwa shughuli muhimu za umma. Kanuni za wakati wa vita zilitanua maana ya umma hadi ikamwingiza mwenye shamba.

Ni vyema tukaitazama kazi yenyewe. Mkata mkonge huinama mche baada ya mche akiukwepa mwiba mweusi wa nchani, hukata jani kutoka shinani, hufunga majani thelathini thelathini, kisha hubeba mizigo hadi reli ya shamba, huku utomvu ukimwasha ngozi mchana kutwa. Asipomaliza ngwe yake, yaani sehemu aliyopimiwa kwa siku, kipande, yaani kadi yake ya kazi, hakikutiwa alama na siku ile haikuhesabiwa, kwa hiyo muda wa manamba, yaani kibarua wa shamba, kukaa shambani ulipimwa kwa alama za kipande na haukufuata kalenda. Nyumbani, shamba lake mwenyewe lilibaki mikononi mwa mke na watoto, na mwaka 1943 ulikuwa mwaka wa upungufu wa chakula sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Ni kweli kwamba wenye mashamba nao walibanwa, kwa kuwa serikali ya Uingereza ilinunua mkonge wao kwa bei iliyoipanga yenyewe. Lakini bei ikibanwa juu, ujira ndio hubanwa chini. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam, waliokuwa wameajiriwa kwa hiari, waligoma mwaka huohuo wa 1943 kudai haki zao. Aliyeletwa shambani kwa amri hakuwa na nafasi hiyo.

Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka, kwa Kiswahili pia, wapagazi wa vita vya kwanza kama miguu na mikono ya jeshi. Wakata mkonge wa vita vya pili sijaona mahali walipoandikiwa hata mstari mmoja wa namna hiyo. Majina yao yaliandikwa kwenye vipande, na kipande kilichojaa kilikabidhiwa ofisini siku ya malipo.