Akiba ya Risasi za Kujaza Nyumbani

Hesabu ya kujaza risasi nyumbani ili kuokoa pesa, ikiandikwa kwenye karatasi, haina dosari hata kidogo, na hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda hilo, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Unapofyatua, fataki hulipuka, baruti huungua na kichwa hujiendea zake, lakini ganda, ambalo mara nyingi ndilo lenye gharama kubwa kuliko vingine vyote, hubaki zima. Basi mtu mwenye akili timamu huambiwa aliokote, alisafishe, alirudishie umbo lake, alipachike fataki mpya, alitie baruti na kichwa kingine, naye atakuwa amepata risasi mpya kwa bei ya vitu vitatu badala ya vinne, tena bila kumlipa mwenye kiwanda, mwenye lori wala mwenye duka. Ninaishi mahali ambapo sheria inamruhusu raia mwenye leseni kufanya kazi hiyo nyumbani kwake, na nina shemeji ambaye anaifanya na kuihubiri, kwa hiyo njia zote za kutorokea zilikuwa zimefungwa mapema.

Shemeji huanza daima na baruti, kwa sababu baruti ndiyo inayompendeza katika hesabu. Hupimwa kwa greni, kipimo kidogo mno cha miligramu 65 hivi, na ratili moja ina greni 7,000. Risasi ya bastola ya kawaida inaweza kula greni 5 tu, kwa hiyo ratili moja inazaa risasi 1,400, na namba hiyo shemeji huitaja kwa sauti inayosikika hadi kwa jirani. Bunduki ya kuwindia inaweza kula greni 45 kwa kila risasi, na ratili ile ile ikaishia kwenye risasi 155. Namba hii huitaja akiwa anatafuta kitu mfukoni. Haba na haba hujaza kibaba, husema, ila hajawahi kusema kibaba chenyewe kinauzwa wapi na kwa bei gani.

Kibaba, kwa taarifa ya wasiojua, ni mashine ya mkono ya kushindilia, ambayo ni lazima ifungwe kwenye meza nzito isiyotikisika, na meza iliyopo nyumbani daima hutikisika. Ni kalibu za chuma za kurudishia ganda umbo lake, na kila aina ya risasi hudai seti yake, maana kalibu ya bastola haitamtambua mgeni kutoka kwenye bunduki hata kwa dawa. Ni mizani inayoweza kupima sehemu ya kumi ya greni, kalipa ya kupimia urefu wa ganda, kifaa cha kulikata ganda likirefuka, kitabu cha vipimo ambacho hutakiwi kukiuka hata nukta, mafuta ya kulainishia, trei za kupangia, na nyundo maalumu ya kubomolea risasi ulizozikosea. Tuseme vitu vyote hivyo kwa pamoja vina thamani ya risasi 2,000 za dukani, na tuseme kila risasi unayojaza mwenyewe inakuokolea nusu ya bei ya dukani. Utatakiwa kujaza risasi 4,000 kabla hujaokoa hata senti moja. Mtu aliyezoea kupiga boksi moja la risasi 50 kwa mwezi atafika huko baada ya miaka sita na miezi minane, mradi katika muda huo wote asinunue kitu kingine chochote, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya wanaume wenye meza za kazi.

Hakuna anayesubiri miaka sita na ushei, bila shaka. Dawa inayopendekezwa na wote ni kupiga risasi nyingi zaidi ili vifaa vijilipe haraka, na hapo ndipo akiba inapoanza kuonyesha tabia zake. Mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika mwaka 1865 kwamba mitambo inayotumia makaa ya mawe kwa uangalifu zaidi haipunguzi matumizi ya makaa bali huyaongeza, kwa kuwa kitu kikiwa nafuu watu hukitumia kwa wingi. Sidhani kama alikuwa anawafikiria wapiga shabaha, lakini angekuja kwenye uwanja wetu siku ya mapumziko angepata mifano ya kutosha kabla ya saa sita mchana. Mtu ambaye zamani alipiga boksi moja na kwenda nyumbani sasa anapiga manne, na kila anapobadilisha magazini anakueleza jinsi anavyobana matumizi. Mke wangu, ambaye hajui greni ni nini wala hataki kujua, ana njia yake ya kukagua mahesabu: haulizi kila risasi imegharimu kiasi gani, anauliza ni kiasi gani kimetoka mwezi huu. Nimejaribu kumwonyesha kwamba maswali hayo mawili ni tofauti, naye amekubali kwa upole, kisha akarudia lile lake.

Kati ya vyote nilivyouziwa, kinachoniuma zaidi ni magunzi. Maganda yaliyopigwa hutoka na masizi, na ili yang'ae hutiwa kwenye chombo kinachotikisika kwa umeme pamoja na maganda ya kokwa za mti wa jozi yaliyosagwa au magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Nimekula mahindi tangu nilipoota meno, nimeyatupa magunzi bila kuhesabu, na leo hii, katika utu uzima wangu, ninatoa pesa halali kununua mfuko wa magunzi kwa bei ambayo mahindi yenyewe hayajawahi kuifikia. Chombo hicho hunguruma kwa saa kadhaa, watoto wanashindwa kusoma, na mwishoni ganda linatoka liking'aa kuliko siku lilipozaliwa. Wajuzi wamenieleza kwamba mng'ao huo hauongezi usahihi wa risasi hata kidogo na kwamba ganda likishafutwa uchafu linatosha. Walinieleza hayo baada ya mfuko wa pili.

Halafu kuna kuokota. Bastola inayojitemea maganda huyarusha upande, mbali na mwenyewe, kwenye nyasi, na mpigaji ambaye dakika moja iliyopita alikuwa amesimama wima kwa heshima zake zote sasa anatambaa kwa magoti nyuma ya watu wengine akichungulia viatu vyao. Urafiki wa miaka mingi umetikiswa na swali la ganda hili ni la nani. Ukishakusanya, unaanza kuchambua, kwa kuwa maganda ya chuma na ya alumini kwa kawaida hayajazwi upya, na hata ya shaba hayalingani. Katika miaka ya 1860, Mmarekani Hiram Berdan na Mwingereza Edward Boxer kila mmoja alibuni namna yake ya kupachika fataki. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, kwa hiyo pini moja inaisukuma fataki iliyokufa na kuitoa. La Berdan lina matundu mawili madogo yaliyokaa pembeni, na pini hiyo hiyo ikisukumwa humo inaweza kuvunjika. Wamarekani wakachagua fundi wa Kiingereza, na nchi nyingi za Ulaya zikamchagua Mmarekani, na mimi, ambaye sikuulizwa na yeyote, ninakaa usiku na tochi nikichungulia ndani ya kila ganda kutafuta matundu. Hata lile jema halidumu milele. Kila likipigwa linatanuka, likirudishwa umbo linachoka, na siku moja linapasuka shingoni na kutupwa, nawe unalazimika kununua kile kitu cha nne ambacho hesabu yote ilijengwa juu ya kutokinunua.

Juu ya muda sitasema mengi, kwa sababu wenzangu wamekubaliana kwamba muda hauhesabiwi. Ukiuhesabu, wanakuambia kwamba hii ni burudani. Ukiiita burudani, wanakukumbusha kwamba ni akiba. Kwa mashine ya hatua moja, kila ganda hupita mikononi mwako mara tatu au nne kabla halijawa risasi, na ukichoka na mwendo huo kuna mashine yenye vituo kadhaa ambayo hutoa risasi moja iliyokamilika kila unapovuta mpini, na ambayo bei yake inaianzisha upya ile safari ya kufidia gharama. Kuharakisha mikono yako mwenyewe, kwa upande mwingine, ni jambo la kukataliwa moja kwa moja. Ganda moja likitiwa baruti mara mbili linaweza kuipasua bunduki pamoja na vidole vya mwenyewe, na katika jambo hilo peke yake sina mzaha: runinga izimwe, simu iwekwe mbali, na anayetaka kuzungumza asubiri hadi mwisho.

Haki lazima isemwe, wapo wanaookoa kweli. Mwenye bunduki ya zamani ambayo viwanda vimeacha kuitengenezea risasi, au vinazitengeneza chache kwa bei ya kuogofya, anaweza kufidia vifaa vyake mapema sana. Vivyo hivyo mwindaji wa wanyama wakubwa ambaye risasi yake moja inagharimu sawa na mlo wa familia, na mshindani wa shabaha za mbali ambaye anataka kila risasi ifanane na mwenzake kuliko kiwanda kinavyoweza kuhakikisha. Mimi nina bastola ya milimita tisa. Risasi yake ni miongoni mwa zinazotengenezwa kwa wingi zaidi duniani, viwanda vinazimwaga kama mvua, na pengo kati ya bei yao na gharama yangu ni jembamba kiasi kwamba mfuko mmoja wa magunzi unalimeza lote.

Wapo pia wanaosema kwamba faida ya kujaza nyumbani huonekana wakati wa uhaba. Uhaba ulikuja mwaka 2020, risasi zikatoweka madukani, na sisi wajazaji tukatembea vifua mbele kwa muda mfupi, hadi tulipogundua kwamba fataki zimetoweka pamoja nazo. Ganda unaweza kuliokota, kichwa unaweza kukisubu, lakini fataki si kitu cha kutengeneza mezani, na viwanda vinavyozitengeneza ndivyo hivyo hivyo vilivyokuwa vikizihitaji kwa risasi zao wenyewe. Nilikuwa na maganda yanayong'aa, baruti, vichwa na mashine iliyofungwa imara, na sikuweza kutoa hata risasi moja.

Sasa shemeji amegundua mahali pesa inapovuja. Tatizo, anasema, ni vile vichwa ninavyonunua, na anayetaka kuokoa kweli husubu vyake mwenyewe kwa madini yaitwayo risasi, yaani ledi, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za sentigredi. Zamani watu waliomba vile vipande vya kusawazishia magurudumu kwenye karakana na kuondoka navyo bure, lakini tangu Umoja wa Ulaya ulipoyazuia madini hayo kwenye magurudumu mwaka 2005, na nchi nyingine nazo zikabadilika, vipande vingi siku hizi ni vya zinki au chuma, na zinki ikichanganyika kwenye chungu inaharibu usubuji wote. Kwa hiyo madini nayo yatanunuliwa. Shemeji amenihakikishia kwamba madini, tanuri, kalibu za kusubia, kipimajoto na feni ya kutolea ule moshi wa sumu vyote vitajilipa vyenyewe, mradi tu niongeze kidogo idadi ya risasi ninazopiga.