Penseli ya jirani yangu Chicago, na viti vitupu vya kwetu

Kwetu Pemba ukitaja msimu, hakuna anayeuliza msimu wa nini. Ni wa karafuu. Marehemu baba alikuwa akirudi msikitini baada ya alfajiri hapiti nyumbani kwanza. Anakwenda moja kwa moja shamba, anasimama chini ya mkarafuu, anainua uso kutazama vikonyo. Mti mmoja, wa pili, wa tatu, hasemi neno. Mkarafuu hauna ahadi na mtu. Mwaka mmoja majamvi yanakosa pa kutandikwa kwa wingi wa karafuu, mwaka wa pili unachuma huku unaona haya. Lakini baba, hata baada ya mwaka wa ukame wa mikarafuu, kamba za kupandia alizitoa mapema akazikagua fundo kwa fundo.

Niko Chicago tangu 2012. Sura ile ya baba sikudhani nitaiona tena, na nimeiona kwa mzee wa Kimarekani, jirani yangu wa mlango wa pili, siku msimu wa besiboli ulipofunguliwa.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ligi yao kubwa ina timu 30, na kila timu inacheza mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba. Wanacheza karibu kila siku. Mrushaji anarusha mpira, mwenye gongo anajaribu kuupiga, akiupiga vizuri anakimbia. Chicago ina timu mbili, Cubs upande wa kaskazini na White Sox upande wa kusini, na mzee wangu ni wa White Sox toka tumboni mwa mama yake. Uwanja wao umebadilishwa majina mara kadhaa, yeye bado anauita Comiskey kama alivyokuwa akiuita baba yake.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2024 White Sox walifungwa mechi 121. Tangu kuanza kwa karne ya ishirini hakuna timu ya ligi ile iliyowahi kufungwa mara nyingi hivyo katika msimu mmoja. Katikati ya mwaka walifungwa 21 mfululizo. Robo tatu ya mechi zao zote walitoka wameinamisha vichwa. Mimi niliyezoea kuona mtu wa Simba akizima simu siku mbili kwa kufungwa mara moja na Yanga, nilijua mzee ameshaachana nao.

Tarehe 27 Machi 2025 ikafika. Kwa sisi tulioanza kufunga tarehe mosi, ilikuwa Ramadhani ishirini na saba. Nilitoka kazini alasiri nimechoka na swaumu, upepo wa ziwani unakata mashikio, nikamkuta kakaa kwenye ngazi za nyumba yake na koti lake zito. Redio ubavuni, daftari mapajani. Alikuwa akichonga penseli kwa kisu kidogo, taratibu, maganda anayakusanya kwenye kiganja asichafue ngazi. Pembeni hapakuwa na kikombe cha kahawa, na kahawa haimtoki mkononi yule. Alijua mimi nimefunga na ataniona nikipita. Hakulisema hilo, wala mimi sikuliuliza.

Daftari lile lina mistari ya visanduku, kila mchezaji na mstari wake. Akitolewa nje kwa kushindwa kuugusa mpira, anaandikiwa herufi K. Akisimama tu akautazama mpira ukapita, ile K inageuzwa mgongo. Mzee ana madaftari ya namna hiyo rafu nzima, mengine ni hati ya marehemu baba yake. Siku ile alifungua ukurasa mweupe, akaulainisha kwa kiganja mara mbili tatu, akaniambia: leo sote tuna sifuri, sisi na hao wapinzani wetu. Kisha akainama kuandika majina, jina moja moja, kwa herufi kubwa, kama mtu anayejaza cheti cha kuzaliwa.

White Sox wakaipiga Angels 8 kwa 1. Mzee hakupiga kelele. Alijumlisha, akafunga daftari, akakaa kidogo akitazama barabara. Jioni baada ya futari nilimpelekea sambusa, nikamkuta anausoma tena ukurasa uleule.

Najua mtasema bahati ya siku moja. Ni kweli, mwaka ule waliumaliza wamefungwa 102. Na mechi ya mia mbili, kama ingekuwepo, angeiandika vilevile.

Na si yeye peke yake. Wenzao wa Cubs walikaa tangu 1908 bila ubingwa, miaka 108, mpaka usiku wa tarehe 2 Novemba 2016 walipoutwaa Cleveland. Mimi nilikwenda Wrigley Field, uwanja wao, siku zile. Ukuta wa matofali wa nje ulikuwa umejaa maandishi ya chaki toka chini mpaka mkono wa mtu mrefu unapofika, na sehemu kubwa ilikuwa majina ya wafu. Baba fulani, bibi fulani, mume wangu. Watu waliozaliwa, wakazeeka na wakafa ndani ya ile miaka 108, na kila mwaka mwezi wa nne waliamini. Nilisimama pale nikamsomea baba Fatiha.

Basi nikampigia simu mdogo wangu aliyeko Wete, kwetu Pemba. Baada ya salamu na hali za watu nikamuuliza, ligi yetu inaanza lini? Akaniuliza, "Ligi ipi kaka, ya Uingereza?" Hakukusudia ubaya. Ndivyo neno "ligi" linavyosikika siku hizi. Mwezi wa nane ukija, mitaa yetu inageuka nyekundu na kijani na njano kwa ajili ya Ngao ya Jamii, mabanda ya kuonyesha mpira yanajaa kwa Arsenal na Manchester, watoto wa miaka saba wanakutajia kikosi cha Liverpool na walioko benchi. Simkatazi mtu mapenzi yake, mimi mwenyewe Simba na Yanga zikicheza silali. Lakini Jamhuri ni timu ya Wete. Ikiingia uwanjani, nani anajua majina ya wale vijana?

Hapo ndipo panaponiuma. Timu ya mzee wangu haina hata mchezaji mmoja aliyezaliwa mtaa ule. Wanatoka Jamhuri ya Dominika, Venezuela, majimbo mengine ya Marekani, wananunuliwa na kuuzwa katikati ya msimu, mwaka ujao nusu yao hawapo. Mzee anawaandika majina kwa herufi kubwa. Sisi golikipa wetu ni mtoto wa mama aliyekuuzia mandazi asubuhi, beki mmesoma naye skuli, na akitoka nje anachechemea ni wewe utakayepeleka habari kwao. Tumepewa kitu ambacho hawa wenzetu hawana hata kwa fedha, tukakiacha kicheze mbele ya viti na wauza kahawa.

Husemwa timu zetu hazina kiwango. Timu iliyofungwa 121 ina kiwango gani? Husemwa pia hawa wana pesa, na hapo nakubali. Wana nyasi zinazokatwa kila siku, wana ratiba inayojulikana miezi kabla, mtu anaomba likizo kazini mapema. Vijana wetu wengine wanakwenda mazoezini kwa nauli ya kuazima. Pesa ni hoja. Ila pesa za huku nazo zina upande wake: baba akitaka kuwapeleka mke na watoto wawili uwanjani, tikiti, maegesho na soseji za ndani ya mkate zitamla fedha ambazo Pemba mtu ananunulia mabati ya banda. Bia zinapita kichwani mwako kila dakika. Umekaa na watu elfu kadhaa na hakuna atakayekuuliza mama yako anaendeleaje. Uwanja wetu wa Gombani, Pemba, nilikuwa napanda jukwaani na baba, kashata ya nazi mkononi, na kabla mpira haujaanza tumeshajua nani kaoa, nani mgonjwa, na karafuu za Konde zimetokaje mwaka huu. Nikipewa nichague pa kukaa, nakaa Gombani.

Na tunaweza. Tarehe 13 Januari 2025 Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa ya Zanzibar, waliifunga Burkina Faso 2 kwa 1 fainali ya Kombe la Mapinduzi, palepale Gombani. Huku ilikuwa asubuhi, nikaitazama kwenye simu stoo ya kazini, baina ya maboksi. Picha ikikwama nasikia sauti tu, na ile sauti niliijua. Kisiwa kizima kilikuwa pale. Niliposikia filimbi ya mwisho nililia, na mwenzangu wa kazi akadhani nimefiwa. Mapenzi yapo. Tunayatoa siku ya kombe, siku ya kawaida tunayafungia kabatini.

Mzee nilimhadithia yote haya. Akaniuliza mpira wetu una wachezaji wangapi, nikamwambia kumi na mmoja. Siku ya pili akanigongea mlango, kaninunulia daftari jipya, kapiga mistari kwa rula, visanduku kumi na moja kila ukurasa na nafasi ya wa akiba chini. Nikampa mtu anayesafiri akampelekee mtoto wa mdogo wangu, ana miaka tisa, pamoja na penseli mbili.

Wiki iliyopita ikaja picha. Ukurasa wa kwanza, juu kaandika JAMHURI, chini yake majina. Namba tano na namba kumi na moja pametupu. Nikamuuliza, mbona hawa huna? Akasema, "Ami, nimewauliza watu wote hapa mtaani hawawajui. Kesho nakwenda mazoezini nikawaulize wenyewe."