Mbao Halisi Juu ya Zege: Nani Mwenye Haki, Fundi wa Vigae au Seremala?

Anayejenga nyumba Kampala au Entebbe hufika mahali ambapo mafundi wawili huvutana mbele yake. Fundi wa vigae humwonya kwamba kuweka mbao juu ya zege ni kujitafutia balaa katika nchi yenye misimu miwili ya mvua na mchwa wasiolala. Seremala naye hujibu kwamba sakafu ya mvule au mahogani, ikipigwa msasa na vanishi kila inapochakaa, itawazika wote wawili. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ingawa naona kuwa wote huukwepa mzizi wa ugomvi, yaani maji yaliyojificha ndani ya zege.

Mwenye nyumba akisikia kwamba zege huhitaji siku 28, hudhani amepewa tarehe ya kupigilia mbao. Siku hizo ni za zege kupata nguvu, si za kukauka. Tena mwanzoni tunalimwagia maji kwa makusudi ili lisipasuke. Kadirio linalotumika sana ni milimita 1 ya unene kwa siku kwa sentimita 5 za kwanza, na kuanzia hapo mwendo hupungua. Kwa hiyo zege la sentimita 10 lililomwagwa Machi, mvua zikianza, halitakuwa tayari Juni hata kama uso wake umekuwa mweupe na kiganja hakihisi unyevu wowote.

Kuna kipimo cha bei ndogo: nailoni nzito ya mita moja ya mraba hulazwa juu ya zege, kingo zote nne zikazibwa kwa selotepu, ikaachwa usiku kucha. Niliwahi kukifanya katika sebule ambayo mbao zake zilikwisha kupangwa barazani, na asubuhi tulipoibandua tukakuta matone kwa chini na doa jeusi la mraba kama kivuli cha meza. Mwenye nyumba hakufurahi. Hata hivyo kipimo hiki kinaweza kukukataza tu, hakiwezi kukuruhusu, kwa sababu nailoni ikitoka kavu bado huenda kuna maji chini zaidi, ambayo hugunduliwa kwa kifaa kinachotumbukizwa katika tundu lililotobolewa kwenye zege.

Ubao huvimba kwa upana, si kwa urefu. Sakafu yenye upana wa mita 4 ikivimba kwa asilimia 1 tu, inadai sentimita 4 zaidi, ilhali nafasi inayoachwa ukutani kwa kawaida ni milimita 10 hadi 15 kila upande. Kinachobaki ni mbao kuinuka.

Hapa ahadi ya seremala inalegea, kwa kuwa mbao nyingi za sokoni huuzwa zikiwa bado na maji yake, nazo husinyaa zikikauka. Lakini upande wake una nguvu pia: kigae kikipasuka baada ya miaka kumi, kupata kinachofanana nacho ni kazi, wakati ubao uliokwaruzika hupigwa msasa ukarudi kuwa mpya.

Kuhusu namna ya kuweka, wengi hupenda kupigilia juu ya papi, yaani fito za mbao zinazolazwa kwanza juu ya zege, kwa sababu husaidia pale zege lisipokuwa sawa. Mimi siipendi njia hiyo chini kabisa ya nyumba, kwani uwazi unaobaki kati ya papi ni makao ya mchwa na panya. Afadhali rangi ya kuzuia unyevu, gundi inayonyumbuka, na mbao nyembamba za sentimita 7 hadi 9.

Kwa vyumba vya ghorofani, basi, nakubaliana na seremala, mradi mbao zimekaushwa na zimekaa ndani ya chumba hicho wiki mbili. Kwa sakafu ya chini, hasa viwanja vilivyo karibu na vinamasi, nasimama na fundi wa vigae, isipokuwa pale ambapo nailoni ilitandikwa ardhini kabla ya zege kumwagwa. Aliyelimwaga aulizwe, akisitasita kujibu, nunua vigae.