Hiyo pole imetoka wapi?

Kwenye duka moja la pembejeo mjini Tukuyu, kijana aliiuliza simu yake kuhusu madoa meusi kwenye majani ya viazi. Simu ikajibu kwa Kiswahili safi, ikaanza na "Pole sana". Kijana akaitikia "Ndaga", asante ya Kinyakyusa, kisha akajicheka. Mzee aliyekuwa anasubiri mbolea akauliza, "Hiyo pole imetoka wapi?"

Nyuma ya swali hilo kuna lile wanalogombania wanafalsafa: nani ahesabiwe kuwa mtu, na je, mnyama au kompyuta inaweza kuwa mtu? John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alitenganisha umbo la binadamu na nafsi, yaani mtu mwenyewe: nafsi ni kiumbe anayefikiri na kujitambua kuwa yeye wa leo ndiye yule wa jana. Hapo mnyama anapata nafasi. Tembo Happy wa New York aliwekwa mbele ya kioo akagusa alama iliyochorwa kichwani pake, ishara kwamba alijitambua. Hata hivyo, mwaka 2022 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilikataa kumhesabu kuwa mtu, majaji 5 kwa 2.

Wanaokataa kwamba mnyama ni mtu husema mtu huwajibika. Kipunji, kima wa Mlima Rungwe aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2005 (wenyeji walikuwa wakimjua siku nyingi), akishuka kula mahindi ya watu huwezi kumshtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Hoja inanivuta, ila inavuja. Mtoto mchanga naye hawajibiki kwa lolote. Na kampuni, isiyo na damu wala usingizi, ni mtu mbele ya sheria zetu.

Lugha yetu imeshachagua upande: kipunji *amekula*, simu *imejibu*. Lakini mbu naye *ameuma*, kwa hiyo sarufi isitupe kiburi.

Kuhusu kompyuta, mwanafalsafa Mmarekani John Searle alitoa mfano mwaka 1980: mtu asiyejua Kichina amefungiwa chumbani, anapanga herufi kwa kufuata maelekezo, na walio nje wanadhani anakijua. Kompyuta nayo, alisema, hupanga alama bila kuelewa. Wapinzani wake hujibu kwamba hata ubongo ni chembe tu, na hakuna chembe moja inayoelewa kitu. Jibu zuri, ila halinitoshi. Simu ikikosea dawa ya viazi, haipotezi chochote.

Ng'ombe wa jirani yangu alipoondolewa ndama, alilia usiku kucha, na asubuhi akawa bado ananusa pale ndama alipokuwa akilala. Tulimkamua kama kawaida. Hakuna aliyempa pole.