Pampu Haifi, Hufa Sili

Mombasa hunywa maji ya njia mbili. Ya Mzima huteremka yenyewe kutoka chemchemi za Tsavo, zaidi ya kilomita 200 za bomba, bila kusukumwa na mtu. Ya Baricho, kando ya Mto Sabaki, lazima yavutwe kwa pampu, na pampu zataka stima. Stima ikikatika Baricho, mitaani mtungi wa lita 20 hupanda bei. Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia wahandisi wa nyuklia wakibishana, watengeneze pampu zisizoharibika au wajenge mtambo usiohitaji pampu, ugomvi huo si mgeni kwake.

Nasi unatuhusu. Kenya inataka kinu chake cha kwanza cha nyuklia. Awali kilikuwa kijengwe Uyombo, Kilifi. Wakazi wakakataa, macho yakageukia Siaya. Wapo jirani zangu waliopumua, kana kwamba hatari ilipanda basi ikaenda bara. Gridi ya umeme ni moja, wallahi.

Kwenye kinu cha aina inayotumika zaidi duniani, pampu kuu huzungusha maji ya nyuzi karibu 300, yaliyobanwa kwa shinikizo la baa zipatazo 155 ili yasichemke. Kila pampu hula megawati 5 hadi 7. Kinu kikizimwa, joto haliishi papo hapo: sekunde za mwanzo hubaki asilimia 6 hivi ya joto la kinu kikiwa kazini, na siku nzima baadaye bado nusu ya asilimia moja. Nusu hiyo ni ndogo kwa kuisikia tu; kwa mtambo wa megawati 1,000 za umeme ni kama megawati 15 za joto. Kule Fukushima, tarehe 11 Machi 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vizuri tetemeko lilipopiga. Kisha tsunami ikazamisha jenereta za dizeli, na joto hilo la masalio likamaliza kazi.

Pampu kuu zikisimama, maji yaweza kuendelea kuzunguka taratibu yenyewe, yale moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Sharti mfumo uwe umejaa maji. Hapo ndipo pagumu.

Niliwahi kumpelekea fundi wa Shimanzi pampu ya kisima, nikamwambia imekufa. Akaifungua, akatoa kijipete cheusi cha kaboni, kile kinachozuia maji kuvuja, akapitisha ukucha juu yake na kunionyesha mkwaruzo mwembamba kama unywele. “Pampu haifi, mwanangu. Hufa sili.” Akafungua kopo la Blue Band lililojaa sili kuukuu, akachakura, akapata ya saizi ile ile.

Mle kinuni mambo ni yayo hayo, ila makubwa. Shafti inapotoka nje ya pampu huzibwa na sili, na sili hizo hupozwa na maji baridi yanayoletwa na pampu nyingine ndogo. Stima ikipotea kabisa, maji baridi hukoma. Baada ya dakika chache maji ya moto hufika kwenye pete za mpira na kuanza kuvuja, wakati ule ule ambao hakuna njia ya kuongeza mengine. Kinu cha Robinson, South Carolina, kilipata mkasa wa sili kushindwa na maji kumwagika mwaka 1975, kabla ulimwengu haujalisikia jina la Three Mile Island, kinu cha Pennsylvania kilichopata ajali.

Kundi la kwanza linasema: basi tuirekebishe sili. Mpira unaostahimili joto zaidi, sili zinazojifunga zenyewe zikipata moto, vipimo vya mtikisiko. Ni hoja nzito, kwa kuwa kazi hufanyika kinu kikisimama kuongezewa fueli, na mitambo ipo tayari. Lakini sili za kwanza za kujifunga zilipotolewa kazini zikapimwa, kuna zilizogoma kufunga. Na kipimo chahitaji mtu wa kukielewa. Pale Three Mile Island, 28 Machi 1979, pampu zilitikisika kwa sababu maji yalikuwa yamechanganyika na mvuke. Waendeshaji wakazizima kuziokoa, na kiini, penye fueli, kikaachwa kikauke.

Kundi la pili linaondoa sili kabisa: mota hukaa ndani ya kasha lililofungwa, ndani ya maji yale yale. AP1000, kinu cha aina mpya cha Marekani, iko hivyo, na inadai saa 72 za kujipoza bila stima wala mkono wa mtu. Vizuri sana, ila pampu hizo zilichelewesha ujenzi wa Sanmen, China, na baada ya kuwaka, kinu cha pili cha hapo kilikaa kimezimwa karibu mwaka kwa hitilafu ya pampu moja. Vogtle 4, kinu cha aina hiyo hiyo huko Georgia, ilicheleweshwa mwaka 2023 na mota moja tu. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, kampuni ya NuScale, yenye kinu kisicho na pampu kuu hata moja. Mradi wake na muungano wa mashirika ya umeme ya Utah ulivunjwa Novemba 2023, gharama zikiwa zimepanda.

Mimi naegemea upande wa Mzima, wa maji yanayokwenda yenyewe, na sababu ni gridi yetu. Mahitaji ya juu ya umeme nchini yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025 tu. Kinu kimoja cha 1,000 kikijizima ghafla, chaweza kuangusha gridi yote, yaani kujikatia chenyewe stima ya nje inayoendesha pampu zake. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani bila kinu chochote. Kwa nchi kama hii, saa 72 za kusimama peke yako si mapambo ya mauzo.

Ila muuzaji akija, nisingeanza na hizo saa. Pampu za AP1000 zilitengenezwa Cheswick, Pennsylvania. Vogtle walipokwama, pampu ya akiba ilikuwa papo hapo kiwanjani. Ya kwetu ingekaa wapi, na nani hapa ana ruhusa ya kuifungua?