Kochi Langu Limepata Umaarufu

Nianze kwa kusema kwamba mimi si adui wa sanaa. Napenda maigizo ya hapa mtaani kwetu Ilala, na filamu za zamani za Kihindi nazipenda kuliko ubwabwa wa shughuli, jambo ambalo mke wangu ameshalishtaki mbele ya wakwe. Kinachonikera ni kwamba mapenzi haya mawili yamegombana ndani ya nyumba yangu, na wanachogombania ni kochi.

Kochi lenyewe ni la watu watatu, nililinunua kwa fundi wa Keko na kulimaliza kulilipa kwa awamu tano. Wiki tatu zilizopita vijana wanne wa kikundi cha sanaa walibisha hodi saa moja jioni, wakaniamkia kwa adabu ambayo ingepaswa kunishtua, kwa maana kijana wa siku hizi hatoi shikamoo mbili kwa mtu mmoja bila sababu.

"Mzee wetu," akasema msemaji wao, "tuna igizo la mirathi, na tajiri hawezi kufia kwenye kiti cha plastiki."

Niliona hoja ina uzito. Nikiwa bado natafakari, mke wangu akadakia kutoka jikoni, ilhali hakuna aliyemwuliza: "Si siku moja tu, Baba Zuhura? Waache wachukue." Wakalibeba mabegani kama jeneza, na watoto wa mtaa mzima wakalifuata nyuma.

Tangu siku hiyo natazama filamu zangu nikiwa mkekani. Sasa, filamu ya Kihindi ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkekani. Chukua Awaara ya mwaka 1951, ambayo inavuka saa mbili na nusu bila kumwonea huruma mtazamaji: Raj Kapoor yuko kizimbani, Nargis anamtetea, na jaji aliyemfukuza mama yake akiwa mjamzito ni baba yake mzazi katika hadithi na katika maisha vilevile, kwa kuwa Prithviraj Kapoor ndiye aliyemzaa kweli. Kila ukweli unapokaribia kufichuka machozi hunilengalenga, ila safari hii nashindwa kujua kama ni ya Raj au ni ya kiuno.

Mke wangu anasema ninadeka, kwani enzi za Drive-In ya Msasani, ile sinema ya uwanjani, nilikuwa nakaa chini kabisa. Sikatai. Ile Drive-In ilifunguliwa mwaka 1966, na mjomba alikuwa akitupakia watoto tisa nyuma ya pikapu, tukifika tunamwagika mchangani. Lakini kiuno hicho kilikuwa kipya. Hata nikitaka kurudi nikajipime, leo mahali pale pana Ubalozi wa Marekani, na sidhani kama walinzi watanielewa nikiwatokea na mkeka kwapani na chupa ya chai. Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo Jumapili ilikuwa ni majumba ya sinema, Avalon, Empire, Empress au Odeon, nasi tukirudi nyumbani tunaimba Kihindi chote ambacho hatukijui. Majumba yale yalikuwa na kasoro zake, lakini hakuna lililowahi kuniomba nije na kiti changu.

Ijumaa iliyopita nikaamua kwenda kulitazama kochi langu likifanya kazi. Nililikuta chini ya mwembe, limepigwa taa mbili, likiwa na heshima ambayo sebuleni kwangu halijawahi kuipata. Tajiri alitoka na kitambi ambacho nilikitambua mara moja kuwa ni mto wangu. Akakohoa, akajitupa kwa kishindo, nikasikia mbao zikilia. Akachukua dakika kumi nzima kufa. Kisha watoto wa marehemu wakaanza kugombana, na yule wa pili akapanda kochini na viatu vyake. Niliguna kwa uchungu mkubwa kiasi kwamba mama aliyekaa pembeni yangu, akidhani nimeguswa na msiba, akanipa leso.

Hapo katikati mwezeshaji akasimamisha igizo ili watazamaji wachangie. Mtindo huu una mizizi hapa nchini, maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 akina Penina Muhando wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakatengeneza maigizo pamoja na wanakijiji kuhusu matatizo yao wenyewe, wakiyajadili badala ya kupiga makofi tu na kwenda kulala. Nauheshimu sana. Ila usimpe kipaza sauti mtu mwenye maumivu ya kiuno.

"Tumrudishe marehemu kabla hajafa," akasema mwezeshaji, na marehemu akaketi, akarekebisha mto wangu tumboni. "Mzee pale nyuma, ungemshauri nini?"

"Ashuke kwenye kochi," nikasema.

Kimya kikatanda. Mwezeshaji akanyanyua mkono juu, uso umemng'aa. "Mmesikia, ndugu zangu? Mzee anasema mwenye mali asing'ang'anie kiti hadi kifo kimkute, bali aandike wosia na kuwapisha wenzake angali na nguvu!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Nilijaribu kufafanua kwamba namaanisha kochi, lile lile la kahawia, lakini yule mama wa leso alikuwa ameshanishika mkono akisema wazee wenye busara kama mimi wamebaki wachache.

Neno langu limeingizwa kwenye igizo. Tajiri sasa analisema mwenyewe kabla ya kukata roho, akiwa amejilaza, na kwa sababu hiyo onyesho limealikwa Buguruni kwa wiki mbili zaidi. Jana usiku vijana walikuja kunipa taarifa. Walinipa shikamoo tatu mfululizo, na wakati naziitikia niliona kwamba hakuna hata mmoja anayenitazama mimi: wote wanne walikuwa wanalitazama kabati la vyombo, na mke wangu alikuwa ameshaanza kutoa sahani.