Mama aliyejitoa kwenye kundi la avenyu yetu

Kundi la WhatsApp la avenyu yetu hapa Lubumbashi, Kongo, lilizaliwa kwa ajili ya transfo, yaani transfoma ya umeme. Iliungua, tukakaa gizani majuma mengi, hadi jirani mmoja akakusanya namba zetu ili tuchangie pesa. Kwa muda mrefu yalikuwa mambo hayo tu: nani amelipa, nani bado, umeme umerudi, nani amefiwa.

Kisha ikaja kampeni ya uchaguzi wa rais wa 2023.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mgombea aliyevishwa bendera ya nchi nyingine mabegani. Ukiikuza kwa vidole viwili unaona kabisa kwamba kichwa kile kimebandikwa: rangi ya ngozi inakatika pale kwenye kola. Chini yake waliandika kwamba ni mgombea wa wageni. Maneno hayo hayakuanzia mtandaoni. Rais Félix Tshisekedi mwenyewe aliyasema majukwaani juu ya baadhi ya wapinzani wake, na tangu 2021 palikuwa na pendekezo la sheria, wazo la mwanasiasa Noël Tshiani, la kumzuia asiwe rais yeyote ambaye baba na mama yake si Wakongo wote wawili. Moïse Katumbi, mpinzani wa Tshisekedi na aliyekuwa gavana wetu wa Katanga, baba yake alitoka Ugiriki. Kila mtu hapa alijua ni nani aliyekuwa anapimiwa nguo ile.

Kwa hiyo watu wa avenyu walikasirika, na nawaelewa. Ila jibu lililokuja siku ile halikumgusa Tshisekedi hata kidogo. Mtu aliandika: afadhali mgeni kuliko bilulu.

Bilulu ni wadudu. Asiyekulia Katanga anaweza kulipita neno hilo bila kushtuka. Ndivyo walivyoitwa watu wa Kasai, ambako ndiko asili ya Tshisekedi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana, kabla ya kufukuzwa kwa maelfu mwaka 1992 na 1993. Familia zililala stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni ya kwenda Kasai, na wengi, hasa watoto, walifia njiani. Na mambo haya si ya zamani tu. Novemba 2023, siku chache kabla ya kampeni kufunguliwa tarehe 19, watu wa asili ya Kasai waliuawa Malemba-Nkulu, na video zake zilizunguka kwenye simu zetu hizi hizi.

Kwenye avenyu yetu yuko mama anayeuza makala, yaani makaa, mbele ya parsele yake. Stesheni ya Likasi alilala akiwa msichana mdogo. Alikuwa ndani ya kundi.

Chini ya neno lile zilikuja emoji tatu za kicheko. Kisha mtu akauliza bei ya unga. Kisha ule mstari mdogo wa kijivu: namba yake, amejitoa.

Mimi nilikuwa nimeshika simu, nikisoma kila kitu. Sikuandika neno. Ile picha ya kwanza nilishaituma kwa mdogo wangu Kolwezi, eti aone ujinga wa watu, naye akawatumia wenzake. Hivyo nikawa nimeibeba mimi, kwa mega zangu za intaneti.

Wengi wanatushauri tusijibu matusi ya kampeni, tuyapite tu. Kwa ukurasa wa mtu nisiyemjua huko Kinshasa, nakubali, tena namzuia kabisa asinifikie. Lakini kundi la majirani ni kitu kingine. Mle ndani kila mmoja anajua nani amesoma, na kimya cha watu mia kinaonekana kama sahihi mia. Sheria ipo, tangu 7 Juni 1966 ukabila unaadhibiwa nchini humu, lakini hakimu hayumo ndani ya kundi letu. Sisi ndio tumo. Ilitakiwa mtu mmoja tu aandike palepale, bila kurusha tusi lingine: bwana, neno hilo hapana, mama yetu yuko hapa. Hayo yangechukua sekunde kumi.

Nilikwenda kwake Jumapili baada ya misa. Alinipa kiti, akaendelea kupanga makala kwenye ndoo. Nikamwambia, mama, samahani, nilisoma nikanyamaza. Alikaa kidogo bila kusema, kisha akanijibu: "Mwanangu, yule aliyeandika simshangai. Ni ninyi mliosoma ndio ninaowajua."

Admini alifuta ujumbe ule siku tatu baadaye, na aliyeuandika bado yumo. Uchaguzi mwingine wa rais umepangwa 2028. Nimemwomba mama arudi, mara mbili, na mara zote mbili ameitikia kwa upole tu. Mchango wa transfo anautoa kila mara. Anampa mtoto noti mkononi, mtoto anavuka njia na kuzipeleka kwa admini.